Plastiki Inayooza Ipo Tangu Zamani, Anayekosekana ni Mnunuzi

Kila mwaka hazikosekani habari za mwanasayansi aliyeacha maabara ya chuo kikuu, akafungua kampuni changa Boston, London au Singapore, na sasa anatengeneza plastiki inayooza. Picha huwa ni ileile: koti jeupe, kikombe au mfuko mkononi, tabasamu. Akiwa ni mtoto wa kwetu aliyekwenda kusoma huko, habari yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima kwa wiki. Kupongezwa ni haki yake. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya hapo hatumfuatilii. Miaka kumi ikipita, kampuni imeuzwa au imefilisika, mwenyewe ameajiriwa kwingine, na sisi tumeshapata mwingine wa kumpongeza.

Nataka tumfuatilie mmoja mpaka mwisho. Si wa kwetu, lakini njia aliyopita ndiyo watakayopita wa kwetu, na imeandikwa hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu za umma.

Oliver Peoples ni Mskoti. Alipata shahada ya uzamivu ya biolojia ya molekuli Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha miaka ya 1980 akavuka Atlantiki kwenda MIT, Marekani, kufanya utafiti katika maabara ya Profesa Anthony Sinskey. Kazi aliyoikuta ilihusu bakteria na akiba wanayojiwekea. Bakteria wa aina fulani akipewa sukari tele huku akinyimwa naitrojeni, hushindwa kuzaliana. Sukari ile huigeuza kuwa chembechembe nyeupe anazozihifadhi ndani ya mwili, kama mkulima anayejaza ghala mwaka wa mavuno mazuri. Akitunzwa vizuri, chembechembe hizo hufikia hadi asilimia 80 ya uzito wake mkavu. Mpasue uzitoe, unapata plastiki halisi: inayeyuka kwa joto, inamiminwa kwenye kalibu, inatoka kalamu, kikombe au kifuniko cha chupa. Wanakemia wanaiita PHA. Na kwa kuwa asili yake ni chakula cha bakteria, bakteria wengine walio kwenye udongo, na hata baharini, wanajua kuila.

Sifa hiyo ya mwisho si ndogo. Plastiki nyingine inayotangazwa sana kuwa inaoza, PLA, ile ya wanga wa mahindi, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi karibu 60 ili ioze kwa kasi ya maana. Itupe mtaroni au ufukweni, itakaa miaka. PHA haihitaji mtambo. Kasi inategemea unene wa kitu, unyevu na joto la mahali, lakini inaliwa palepale ilipoangukia. Kwa nchi zenye pwani ndefu na zisizo na mitambo ya mboji, tofauti hii ni kubwa kuliko matangazo yote ya bidhaa za kijani yakiwekwa pamoja.

PHA yenyewe haikugunduliwa na Peoples. Mfaransa Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur aliielezea tangu miaka ya 1920. Waingereza wa kampuni ya ICI waliifanyia kazi baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970, wakaiita Biopol, na mwaka 1990 ikauzwa Ujerumani ikiwa chupa ya shampuu ya Wella. Biopol ikapita mikono: kutoka ICI hadi Zeneca, kutoka Zeneca hadi Monsanto mwaka 1996. Kampuni tajiri kupindukia zilishika kitu kilichofanya kazi, zikakiweka chini. Sababu ilikuwa ileile kila mara: bei.

Alichofanya Peoples ni kuzipata jeni zinazomwezesha bakteria kutengeneza akiba hiyo. Yeye na Sinskey walichapisha matokeo mwaka 1989. Ukishazijua jeni, huhitaji tena kumtegemea yule bakteria wa asili. Unaweza kumpa kazi kiumbe mwingine anayekula vizuri zaidi na kukua haraka. Hataza zikasajiliwa kwa jina la MIT, kama ilivyo kawaida ya vyuo vya Marekani, na mwaka 1992 Peoples na Sinskey wakaanzisha kampuni ya Metabolix na kupewa leseni ya kuzitumia. Mwaka 2001 Metabolix ikainunua Biopol kutoka Monsanto. Mwaka 2005 ikapata tuzo ya rais wa Marekani ya kemia rafiki kwa mazingira. Novemba 2006 ikaingia soko la hisa la Nasdaq.

Hapo ndipo makala nyingi za pongezi huishia. Mambo yenyewe yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Metabolix iliingia ubia na Archer Daniels Midland, ADM, mmoja wa wanunuzi na wasindikaji wakubwa wa nafaka duniani. Ubia uliitwa Telles, bidhaa ikaitwa Mirel. ADM ilijenga kiwanda mji wa Clinton, jimbo la Iowa, kando ya mtambo wake wa kusindika mahindi, ili sukari itoke huku iingie kule. Uwezo wake ulikuwa tani 50,000 kwa mwaka. Ujenzi ulianza bei ya mafuta ikipanda, na Julai 2008 pipa lilipita dola 140. Kabla mwaka huo haujaisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Baadaye gesi ya miamba ya Marekani ikafurika sokoni na plastiki ya kawaida ikazidi kuwa rahisi kutengeneza. Kiwanda cha Clinton kikaanza kazi katika ulimwengu ambao si ule kilichopigiwa hesabu.

Mirel ilikuwa nzuri. Paper Mate walitoa kalamu ambayo sehemu zake zilitengenezwa kwa Mirel, uifungue na kuzifukia kwenye udongo wa bustani. Lakini kilo moja iliuzwa kwa bei inayozidi maradufu ya plastiki ya kawaida, na haikuwa na wanunuzi wa kubeba tani 50,000, wala robo yake. Januari 2012 ADM ilitangaza kujitoa, ikisema gharama hazitabiriki na soko linaipokea bidhaa polepole mno. Kwenye vitabu vyake ilifuta zaidi ya dola milioni 300. Metabolix ikabaki na hataza, wanasayansi wake, na haina kiwanda.

Mwaka 2016 Peoples alichukua ukurugenzi mkuu wa kampuni aliyoianzisha, na biashara ya plastiki ikauzwa kwa kampuni ya Korea Kusini, CJ CheilJedang, kwa dola milioni 10. Tangu kuanzishwa ilikuwa imepita miaka 24. Kampuni ikabadili jina kuwa Yield10 Bioscience na kuhamia kwenye mbegu za mafuta za camelina. Hata huko hakuiacha plastiki: walipanda mashambani camelina iliyorekebishwa ili itengeneze PHA ndani ya mbegu. Desemba 2024 Yield10 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Nikiisoma historia hii, namwona mtu aliyekuwa sahihi kwenye sayansi kwa miaka zaidi ya 30. Aliyoyasema kuhusu bakteria yalikuwa kweli. Plastiki aliyoahidi ilitoka. Iliyoshindwa ni hesabu, na hesabu hiyo haikuwa mikononi mwake.

Itazame kwa karibu. Kilo moja ya PHA hula takriban kilo tatu za sukari. Hata ukipewa mitambo bure na wafanyakazi wasiolipwa, bado bei ya sukari inakusubiri mlangoni. Mshindani wako anatumia gesi inayotoka ardhini kwa bomba, kwenye mitambo iliyokwisha kurudisha gharama zake miongo iliyopita, na hakuna anayemdai hata senti moja kwa mfuko wake utakaomuua kasa au kuziba mtaro wa Jangwani, Dar es Salaam. Wewe unauza kitu ambacho gharama zake zote zimo ndani ya bei. Yeye anauza kitu ambacho nusu ya gharama yake italipwa na halmashauri, na mvuvi, na mama ambaye nyumba yake imeingiwa na maji. Halafu mnaambiwa mshindane sokoni kwa haki.

Ongeza saa ya hataza. Huanza kuhesabu siku unaposajili ugunduzi wako, haijali kwamba bado huna kiwanda. Kutoka jeni za 1989 hadi kiwanda cha Clinton ilipita miaka 20, na hataza hulinda takriban muda huohuo. Mwanasayansi wa programu za simu anaweza kugundua kosa Jumatatu na kulirekebisha Jumatano. Wa plastiki anagundua kosa baada ya chuma kumwagwa na zege kukauka. Wawekezaji wa kampuni changa wamezoea wale wa kwanza, kwa hiyo wanamshinikiza wa pili kujenga kikubwa mapema, kabla hata wanunuzi hawajapatikana. Tani 50,000! Nadhani kosa kubwa la Telles lilikuwa namba hiyo, na ni kosa linaloendelea kurudiwa. Danimer Scientific ya Georgia, Marekani, iliyotegemea PHA iliyoanzia kwa Procter & Gamble, iliingia soko la hisa la New York Desemba 2020 kwa kishindo, ikapanua viwanda, na Machi 2025 ikawa mahakamani kwa kufilisika.

CJ imekwenda tofauti. Ilichukua teknolojia ya Metabolix na kuipeleka Pasuruan, Java Mashariki, Indonesia, ambako tayari ilikuwa na mitambo mikubwa ya kuchachusha sukari kutengeneza asidi amino za chakula cha mifugo. Mwaka 2022 ikafungua njia ya uzalishaji wa PHA wa tani 5,000 kwa mwaka. Moja ya kumi ya Clinton. Sukari ipo, mafundi wa uchachushaji wapo, na mshahara wao hulipwa na bidhaa nyingine wakati plastiki inatafuta wateja. Sidai kwamba CJ imeshashinda. Nasema imekaa mahali ambapo inaweza kusubiri, na kusubiri ndiko alikonyimwa Peoples.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoota kwenda kufungua kampuni Ulaya wanapaswa kulijua kabla ya kupanda ndege. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 sheria ya plastiki za kutumika mara moja, ikaanza kufanya kazi Julai 2021: mirija, sahani, vijiko na vijiti vya plastiki vikapigwa marufuku. Mtu angedhani PHA ndiyo ingenufaika. Haikuwa hivyo. Mwongozo wa Tume ya Ulaya ulisema kwamba polima, yaani malighafi ya plastiki, inayotengenezwa kiwandani kwa bakteria haihesabiwi kuwa ya asili, na sheria inasamehe za asili zisizobadilishwa kikemia tu, kwa hiyo mrija wa PHA unaangukia marufuku ileile ya mrija wa mafuta ya petroli. Kampuni ya Notpla ya London, iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Paslier na Mhispania Rodrigo García González, na iliyoshinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022 kwa vifungashio vya mwani, imekaa upande mwema wa mstari huo kwa sababu mwani haubadilishwi kikemia. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bakteria, soma sheria. Ibara moja inaweza kufuta kazi ya miaka kumi.

Sasa nije kwetu, maana huku ndiko hoja yangu inakoelekea.

Afrika Mashariki ilitangulia sehemu kubwa ya dunia kwenye marufuku ya mifuko. Zanzibar 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zilikuwa hatua za kishujaa na nazitetea mpaka leo. Mtu aliyewahi kuona waya za uzio barabara ya Chalinze zikiwa zimejaa rambo za rangi zote anajua tulitoka wapi. Lakini angalia nani aliingia kwenye pengo. Tanzania tulipata mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ambayo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliiwekea kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Inafanana na kitambaa, ila ni polipropilini, plastiki ya mafuta kama zile nyingine. Kenya nayo ilikumbana na mifuko hiyohiyo ikiwa myembamba na hafifu, mpaka mwaka 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza kuizuia. Serikali zetu zilitengeneza soko kwa kuandika sheria tu, kitu ambacho Peoples angekilipia dhahabu, kisha zikaliacha lichukuliwe na mwenye bei ya chini. Sheria ilisema kisichotakiwa. Haikusema kinachotakiwa, wala nani atakinunua.

Na kitu ambacho tungeweza kuanza nacho hakiko sokoni Kariakoo. Kiko kwenye vitalu vya miche.

Nenda kitalu chochote, Lushoto au Njombe. Utakuta viriba vyeusi vimepangwa safu kwa safu chini ya kivuli, kila kimoja na mche wake wa msindano, mparachichi au kahawa. Siku ya kupanda, mkulima anachukua wembe, anachana kiriba kwa ubavu, anatoa bonge la udongo bila kulivunja, anaweka shimoni. Kiriba anakitupa pembeni. Kazi ikiwa nyingi na vibarua wanalipwa kwa idadi ya mashimo, wapo wanaoufukia mche na kiriba chake. Mizizi hujikunja humo ndani, na mti unadumaa bila mwenyewe kujua kwa nini. Baada ya siku ya kampeni, penye picha za viongozi na majembe, shamba linabaki limetapakaa plastiki nyeusi.

Kitu hiki kinataka kuoza. Kuoza kwake si pambo la kumridhisha mteja wa Ulaya anayejali mazingira. Ni kazi yenyewe. Kiriba kinachoingia shimoni pamoja na mche kinaokoa muda wa kuchana, kinaokoa mizizi, hakiachi takataka. Kwa bidhaa ya namna hiyo bei ya juu kidogo ina utetezi, tofauti na mfuko wa kubebea nyanya. Changamoto ya kisayansi ipo: kitalu kina unyevu kila siku, kwa hiyo kiriba kisianze kuliwa kabla mche haujatimiza miezi yake. Ni suala la unene na mchanganyiko wa polima, la kupimwa kwenye udongo wa hapa, siyo kwenye kabati la joto la chuo cha ng'ambo. Nchini Kenya, Joseph Nguthiru, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Egerton, tayari anatengeneza mifuko ya miche kwa magugumaji, lile gugu linaloziba Ziwa Naivasha, kupitia kampuni yake ya HyaPak. Malighafi yake ni adui wa wavuvi, haishindanii na chakula cha mtu. Huyo hakuhitaji kusubiri Boston.

Malighafi ndiyo sehemu ambayo wanasayansi wetu walio nje wanaweza kutusaidia kuliko kitu kingine, kama wataacha kufikiria sukari. Tanzania na Kenya huagiza sukari miaka ikiwa mibaya. Kuigeuza kuwa vikombe ni kujitafutia ugomvi na wananchi. Lakini jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni asilimia chache tu ya uzito wake. Yanayobaki ni maji na makapi, na huko Hale, Tanga, yalishathibitishwa kwamba yanatoa gesi ya kuzalisha umeme. Upande wa California, kampuni ya Mango Materials, ambayo mwanzilishi wake Molly Morse alipata shahada ya uzamivu Stanford, inalisha bakteria wake gesi ya methani badala ya sukari na kupata PHA. Methani hiyohiyo ndiyo inayotoka kwenye makapi ya mkonge. Sijaona mtu aliyeunganisha ncha hizi mbili kibiashara, na sidhani ni rahisi: bakteria wa methani ni wagumu kulea, gesi haiyeyuki vizuri kwenye maji, na mtaji wa matangi ni mkubwa. Ila ni swali ambalo Mtanzania aliyeko kwenye maabara ya nje ana sababu ya kulishika ambayo mwenzake wa California hana.

Halafu mnunuzi. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tanzania imeagiza kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya miche hiyo hupita kwenye kiriba, na anayelipa, moja kwa moja au kwa kuzunguka, mara nyingi ni serikali au mfadhili aliyekaa mezani na serikali. Hilo ndilo daftari la oda ambalo Telles haikuwahi kuwa nalo.

Ninachokitaka ni kitu mahususi, na hakihitaji sera mpya ya kurasa mia. Wakala wa misitu Tanzania, TFS, na mwenzake wa Kenya, KFS, watangaze kwamba kuanzia msimu fulani, sehemu fulani ya viriba vya vitalu vyao itakuwa inayooza kwenye udongo. Waanze hata na kimoja katika ishirini. Waandike kipimo: kikae kitalu miezi mingapi, kiishe ardhini ndani ya muda gani, kisiache nini. TBS na mwenzake wa Kenya, KEBS, wakipime kwenye udongo wa Lushoto na wa Makueni, maana haviozi sawa. Mkataba uwe wa miaka mitano na bei ijulikane, ili mwenye kampuni aweze kuupeleka benki. Akijitokeza kijana aliyerudi kutoka Aberdeen au MIT, ajenge tani mia mbili kwanza. Akijitokeza fundi wa Naivasha mwenye magugumaji, vilevile. Asiyekidhi kipimo asilipwe.